Bukavu: miti inapandwa, lakini nani anabaki nayo?

Kila mkaaji wa Bukavu ameshaona picha hii. Asubuhi ya salongo, magari yanapanda hadi kwenye mteremko fulani wa Kadutu au wa Bagira. Viongozi wanashuka, vijana wamevaa tisheti mpya, miche imepangwa kando ya barabara. Mkubwa anaweka mche ndani ya shimo lililochimbwa tangu jana, anapigwa picha, anasema maneno mawili juu ya mazingira. Saa sita mchana magari yamerudi mjini. Jioni mbuzi wanapita.

Hatusemi hivi kwa kucheka. Mji wetu unahitaji miti kuliko miji mingi ya Congo. Wakoloni walijenga Bukavu, wakati huo ikiitwa Costermansville, kwa ajili ya watu wachache, wengi wao wakikaa kwenye peninsula zinazoingia ndani ya ziwa. Leo inakadiriwa kwamba tumepita milioni moja. Waliokimbia vita vijijini walikuja, wakazaa, na watoto wao nao wanatafuta mahali pa kujenga. Nafasi iliyokuwa imebaki ni milima. Basi nyumba zikapanda juu kule Nyamugo, Cimpunda na Nkafu, zikashuka hadi ukingoni mwa mto Wesha, na kila mahali nyumba ilipofika, mti uliondoka. Mbao ni za kujenga, matawi ni ya kuwasha moto, mizizi inang'olewa ili kiwanja kiwe sawa.

Halafu mvua inakuja. Anayelala chini ya mteremko anajua mvua ya usiku ni nini: mama anaamka, anasikiliza ukuta, anawavalisha watoto nguo kabla hata jambo lolote halijatokea. Karibu kila msimu kuna nyumba inayokwenda na udongo. Na tusisahau Kalehe, jirani yetu hapa ziwani: tarehe 4 Mei 2023, mvua ya siku moja iliangukia milima iliyokuwa wazi juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Wengine hawakuonekana tena.

Udongo unaotoka mlimani haushuki peke yake. Unabeba chupa na mifuko ya plastiki, vyote vinaziba mifereji, maji yanaruka juu ya barabara, na mwisho wa safari ni ziwa Kivu. Kutoka hapo plastiki inafuata maji hadi Ruzizi, kwenye bwawa la umeme linalotumika tangu mwisho wa miaka ya 1950. Wafanyakazi pale wamekuwa wakitoa takataka majini ili mashine ziendelee kuzunguka. Umeme ukikatika tunalaumu SNEL, na mara nyingi tuna haki. Lakini safari nyingine jibu liko kwenye mfereji ulio mbele ya mlango wetu. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki katika nchi nzima. Nenda soko la Kadutu leo, nunua nyanya, uone zitafungwa ndani ya nini.

Turudi kwenye ile miche. Kwa nini inakufa? Wengine watasema raia hawana akili ya mazingira. Sisi hatukubali. Raia huyo huyo ana mti wa avoka nyuma ya nyumba yake, na hakuna mbuzi anayeugusa. Anaumwagilia wakati wa kiangazi kwa maji ambayo mtoto wake amebeba kichwani kwa bidoni. Anafanya hivyo kwa sababu mti ni wake na matunda ni yake. Mti wa salongo ni wa nani? Ni wa mji, maana yake si wa mtu. Ukikauka hakuna anayeulizwa, ukikatwa hakuna anayelia.

Wenzetu wa Kivu ya Kaskazini walielewa jambo hilo mapema. Tangu mwaka 2007, mradi wa EcoMakala, ulioungwa mkono na WWF, umesaidia wakulima wanaokaa karibu na mbuga ya Virunga kupanda miti ya kuni na makala kwenye mashamba yao wenyewe. Mkulima anapanda, anachunga, anakata, anauza. Hatusemi kwamba hiyo imemaliza makala yanayotoka mbugani. Hapana, na vita navyo vimeharibu mengi. Lakini miti ile ilikuwa na mtu wa kuilinda. Sisi huku tunawasha mbabula zetu kwa makala ambayo sehemu yake inatoka msitu wa Kahuzi-Biega, kisha tunakwenda kupanda miche mia moja mahali pasipo na mwenyewe.

Kwa hiyo tunaomba uongozi wa mji ubadilishe namna ya kusaidia. Usihesabu miche iliyopandwa, uhesabu iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Vijana wa kata na mashirika ya akina mama wanaotaka kupanda wapewe kipande cha mteremko kwa karatasi, chenye mipaka inayojulikana na mkuu wa kata, na haki ya kuvuna kinachoota pale. Wapewe pesa kidogo wakati wa kuanza, na zilizobaki baada ya kiangazi, kufuatana na idadi ya miti iliyosimama. Ni kazi, si sherehe.

Pia tuchague vizuri cha kupanda. Mkaratusi unakua haraka na unaleta pesa, lakini kwenye mteremko mkali wenye udongo laini, mara nyingi chini yake ardhi inabaki uchi, na maji yanapita kama kwenye bati. Matete yanashika udongo vizuri zaidi, na yanaliwa na sungura, dende na mbuzi. Mwenye mifugo atayachunga bila kuombwa na mtu. Mianzi inafaa ukingoni mwa mto. Avoka na gravilea zinaweza kukaa kati ya nyumba. Wakulima wa Kabare na Walungu wanayajua haya tangu zamani. Hakuna haja ya kuleta mtaalamu kwa ndege.

Tunajua jibu litakalotoka: mji hauna pesa, na tena kuna vita. Ni kweli, tangu vita viliingia Bukavu mwezi wa Februari 2025 maisha yamekuwa magumu, benki zilifungwa, na mtu aliyelala njaa hawezi kusikiliza habari za matete. Lakini mlima hauulizi nani anashika muhuri wa ofisi ya meya. Udongo utashuka chini ya uongozi huu kama ulivyoshuka chini ya ule. Na kodi bado inalipwa: mama wa sokoni analipa, mwenye pikipiki analipa. Sehemu ya pesa hiyo irudi mlimani. Hata pesa za tisheti peke yake zingelipa vijana wachache wa kubeba maji miezi mitatu ya kiangazi.

Kuna jambo moja zaidi, na ndilo linalouma. Miti haiwezi kushinda karatasi. Mara ngapi tumeona mahali palipopandwa miti pakigawanywa viwanja? Leo ni bango la kijani, mwaka ujao ni mawe na mchanga, na mwenye kujenga anatoa hati yenye muhuri. Ardhi ni mali ya Serikali, sheria ya 1973 inasema hivyo wazi. Basi hakuna kiwanja kwenye bonde la maji kinachopatikana bila sahihi ya mtumishi fulani wa Serikali. Maskini anayenunua pale hajui, au anajua lakini hana pengine pa kwenda. Aliyetia sahihi anajua. Mji utangaze orodha ya miteremko isiyojengwa, ibandikwe kwenye ofisi ya kila komini, ili mtu kabla ya kutoa dola zake aweze kusoma. Na anayeuza kilicho kwenye orodha ile aitwe mbele ya sheria, hata kama ni mkubwa.

Mvua za Septemba ndizo za kupanda. Salongo zitafanyika, picha zitapigwa, na sisi tutazichapisha kama kawaida. Safari hii tutaandika pia jina la mteremko na idadi ya miche. Kiangazi kikiisha, tutarudi mahali pale pale kuhesabu.