Yaliyopita ni Ndwele

Methali ni hazina ya lugha, na mtu anayeidharau hudharau akili ya wazee waliomtangulia. Lakini hazina yo yote yaweza kuibiwa, na methali nayo yaweza kuingia mikononi mwa mtu asiyeistahili, akaitumia kama mwizi atumiavyo ufunguo wa nyumba ya mwenziwe. Mojawapo ya methali zilizopatwa na msiba huo katika nchi ya Kenya ni hii isemayo: Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Husemwa majukwaani, husemwa magazetini, na kila isemwapo msikilizaji hutazamiwa anyamaze. Nia yangu katika insha hii ni kukataa kunyamaza. Nasema kwamba maovu makubwa yaliyopita bila ya hukumu ni ndwele, tena ndwele ya kuambukiza. Na mganga asiyetaka kuitazama ndwele ya jana hana dawa ya kesho.

Tutazame kwanza mambo yenyewe. Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipiga kura kumchagua rais. Tarehe 30 matokeo yalitangazwa, na moto ukawaka. Katika Nairobi moshi ulipanda juu ya Kibera, ambako Soko la Toi liliteketezwa na reli iking'olewa mahali pake. Katika vitongoji vya magharibi, Kawangware na Dagoretti, majirani waliokuwa wakiazimana chumvi jana waliulizana makabila leo. Karibu na Eldoret, tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa lilitiwa moto pamoja na watu waliolikimbilia, wengi wao wanawake na watoto. Naivasha na Nakuru zikafuata kwa kisasi. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu maiti 1,133. Na zaidi ya theluthi moja yao waliuawa kwa risasi. Watu laki kadhaa walifukuzwa majumbani mwao. Hayo hayakuwa mafuriko wala tetemeko la nchi. Yalitendwa na watu, na Tume ilieleza kwamba mengine yalipangwa, yakagharimiwa fedha na kutolewa amri.

Tarehe 28 Februari 2008, kwa usuluhishi wa Kofi Annan, viongozi wawili walioshindana, Mwai Kibaki na Raila Odinga, walitia sahihi zao katikati ya mji wa Nairobi, na mauaji yakakoma. Oktoba mwaka ule Tume ya Waki ilitoa taarifa yake. Ilishauri mahakama maalumu iundwe hapa hapa nchini. Lakini Jaji Waki alikuwa mtu mwenye kuijua nchi yake. Alitia majina ya watuhumiwa katika bahasha, akaifunga, akamkabidhi Annan, kwa sharti kwamba mahakama hiyo isipoundwa bahasha iende The Hague, kwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Februari 2009 mswada wa kuunda mahakama ulifikishwa Bungeni, ukakosa kura za kutosha. Baadhi ya walioukataa walisema kwamba heri The Hague, kwa kuwa mahakama za nyumbani haziaminiki. Julai 2009 bahasha ikaenda. Desemba 2010 mwendesha mashtaka akataja watu 6. Na juma moja baadaye Bunge lile lile likapitisha hoja ya kuitaka Kenya ijitoe katika mkataba wa mahakama hiyo. Basi mwanafunzi apime mwenyewe: mlango wa nyumbani ulifungwa kwa hoja kwamba wa ugenini ni bora, na wa ugenini ulipofunguka ukalaaniwa kwa hoja kwamba si wa nyumbani. Mtu asemaye hivyo hatafuti mlango, atafuta ukuta.

Mwisho wa kesi wajulikana. Watu 4 walithibitishiwa mashtaka Januari 2012. Mashtaka ya Francis Muthaura yaliondolewa Machi 2013. Ya Uhuru Kenyatta, ambaye alikuwa Rais wakati huo, yaliondolewa Desemba 2014 kwa upungufu wa ushahidi. Kesi ya William Ruto na mtangazaji Joshua Sang ilisimamishwa Aprili 2016 kwa shauri la majaji wawili katika watatu. Hawakuhukumiwa wala hawakuachiliwa kwa kuonekana hawana hatia, na mashahidi walikuwa wameingiliwa. Washtakiwa wote walikana, na mimi si hakimu wao. Mtu asiyehukumiwa asiitwe mhalifu. Lakini haki hii ya mshtakiwa, ambayo ni njema, haiondoi swali la marehemu. Watu 1,133 wameuawa, na hapana kiongozi hata mmoja aliyehukumiwa kwa kuyapanga au kuyaamuru mauaji hayo. Hesabu hiyo haiwezi kuwa sahihi.

Wapo wanaotujibu kwamba amani ni bora kuliko haki, na kwamba kufukua makaburi ni kufukua ugomvi. Jawabu hili lina sura nzuri, nami silichukii. Walakini twauliza: amani ya nani? Aliyepora duka anafanya biashara, na mwenye duka anapanga foleni kununua kwake. Aliyechoma nyumba anampungia mkono aliyechomewa, naye hana budi kuitika salamu. Hiyo ni amani ya kondoo na fisi waliolala zizi moja: kimya kipo, usingizi haupo. Tena ghasia za 2007 hazikuwa za kwanza. Mwaka 1992 watu waliuawa na kufukuzwa mashambani katika Bonde la Ufa. Mwaka 1997 Likoni, Pwani, ikashika moto kabla ya uchaguzi. Kila mara tume iliundwa au taarifa iliandikwa, na kila mara tuliambiwa yaliyopita si ndwele. Kama kusahau kungalikuwa dawa, mgonjwa angalikwisha kupona kabla ya 2007. Mtu aliyemwaga damu mara ya kwanza asiulizwe, hujifunza somo moja tu, kwamba damu ni rahisi.

Wapo pia wasemao kwamba mahakama ya The Hague ni fimbo ya wageni kwa migongo ya Waafrika. Katika lawama hii mna chembe ya kweli, na mwenye kuhojiana kwa uaminifu hukubali kweli ya mpinzani wake. Miaka mingi ya kwanza waliosimama kizimbani pale walikuwa Waafrika peke yao, na mataifa makubwa kama Marekani, Urusi na Uchina hayamo katika mkataba. Lakini Uganda na Kongo zilipeleka mashauri yao zenyewe, bila ya kuburutwa. Na siku hizi hati za kukamatwa zimetolewa juu ya Rais wa Urusi, mwaka 2023, na juu ya Waziri Mkuu wa Israeli, mwaka 2024. Na Machi 2025 aliyekuwa Rais wa Ufilipino alikamatwa akapelekwa huko. Hata hivyo, tuseme lawama yote ni kweli. Je, ni hoja ya kutohukumu? Daktari akimtibu mgonjwa mmoja akamwacha mwingine, dawa yake ni kumlazimisha awatibu wote wawili, si kumnyang'anya yule wa kwanza kikombe. Isitoshe, waliouawa Kibera na Kiambaa walikuwa Waafrika nao. Ajabu ya wanaotetea Uafrika katika jambo hili ni kuwa humwona Mwafrika katika mshtakiwa, wala hawamwoni katika maiti.

Wala Nairobi haiwezi kudai kwamba haki ya namna hii ni ngeni kwake. Julai 1997 watuhumiwa 7 wa mauaji ya kimbari ya Rwanda walikamatwa katika mji huu huu, walimokuwa wakiishi kwa raha. Mmoja wao alikuwa Jean Kambanda, waziri mkuu wa serikali iliyotawala Rwanda watu walipokuwa wakichinjwa mwaka 1994. Alipelekwa Arusha, akakiri, na Septemba 1998 akahukumiwa kifungo cha maisha: mkuu wa serikali wa kwanza kuhukumiwa na mahakama ya kimataifa kwa mauaji ya kimbari. Mji wetu uliweza. Kisha tarehe 27 Agosti 2010, katika Bustani ya Uhuru, Kenya ilipoidhinisha katiba mpya isemayo kwamba mikataba iliyoridhiwa ni sehemu ya sheria ya nchi, miongoni mwa wageni wa heshima alikuwamo Rais wa Sudan, Omar al-Bashir, ambaye mahakama ambayo Kenya iliridhia mkataba wake mwaka 2005 ilikuwa ikimtafuta kwa ajili ya Darfur. Tuliivunja katiba siku ya kuizaa. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru akija tena akamatwe. Basi hakimu alikumbuka kile ambacho wenyeji wa karamu walikisahau.

Katika bustani hiyo hiyo pana kitu kingine ambacho kila mwanafunzi wa Nairobi apaswa kukiona. Ni mnara uliofunuliwa Septemba 2015 kwa ukumbusho wa wale walioteswa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Wazee wa Mau Mau hawakusema yaliyopita si ndwele. Walikwenda London na mikongojo yao, wakafungua kesi mwaka 2009, zaidi ya miaka 50 baada ya mateso; na Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitoa maneno ya majuto na kukubali kuwalipa watu 5,228. Taifa zima lilishangilia, na lilikuwa na haki ya kushangilia. Lakini sikiliza, msomaji: hatukuwaambia wazee wale wasahau. Hatukuwaambia kwamba mahakama ya London ni ya wageni. Hatukuwaambia kwamba miaka imepita mno. Basi kwa nini hoja hizi tatu, ambazo hatukumpa Mwingereza aliyetesa, twampa Mkenya aliyechoma? Kumbukumbu yetu ni ndefu kwa dhambi ya mgeni, na fupi kwa dhambi ya ndugu. Kipimo cha namna mbili ni kipimo cha mlanguzi, na haki haipimwi nacho.

Yuko mwenye kukata tamaa asemaye: Haya, umesema kweli, lakini wakati umekwisha, The Hague ilifunga upelelezi wake juu ya Kenya Novemba 2023. Namjibu kwamba The Hague haikuwa mwanzo wa haki yetu, wala haiwezi kuwa mwisho wake. Mahakama ile ni ya akiba: huingia pale tu ambapo mwenye nyumba hataki au hawezi. Tangu 2009 Kenya ina sheria yake ya jinai za kimataifa, na mahakama za Milimani haziko ng'ambo ya bahari. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ilikata shauri kwamba serikali ilikosa wajibu wake kwa wanawake walionajisiwa katika ghasia zile, ikaamuru 4 miongoni mwa wadai walipwe shilingi milioni 4 kila mmoja. Oktoba 2022 mkuu wa mashtaka alitangaza kwamba maofisa wa polisi watashtakiwa kwa jinai dhidi ya ubinadamu, kwa ajili ya maovu ya Kisumu ya mwaka 2017, ambayo katikati yake mtoto mchanga wa miezi sita alipigwa akafa. Hatua hizi ni chache, na mwendo wake ni wa kobe. Lakini zathibitisha kwamba mlango wa nyumbani haukuzibwa kwa saruji. Umefungwa kwa komeo, na komeo hufunguliwa na mkono.

Mkono wa nani? Hapa nawaelekea ninyi mlioko madarasani. Wengi wenu hamkuwa mmezaliwa mwaka 2007, na kwa sababu hiyo mtaambiwa kwamba jambo hili haliwahusu. Ni kinyume. Ninyi ndio yajayo ambayo methali yataka kuyaganga. Siku moja mtapewa shilingi mia mbili na kiberiti, na mtu aliyekaa mbali na moto, katika nyumba yenye ukuta mrefu, atawaambia kwamba jirani yenu ni adui. Atathubutu kusema hivyo kwa kuwa hajaona bado aliyeulizwa. Kataeni shilingi zake, na kumbukeni uso wake. Someni taarifa ya Waki, kwani iliandikwa kwa fedha ya wazazi wenu. Muulizeni kila anayetaka kura: mahakama iliyokosa kura mwaka 2009, wewe utaipigia? Na mkiwa mawakili, maaskari, waandishi au wabunge, msimtupe shahidi. Maana kesi zile hazikufa kwa uzee, zilikufa kwa woga wa watu waliojua kweli wakaona hawana wa kuwalinda.

Methali yetu ni njema, tuirudishie heshima yake. Wahenga walisema tugange, nao walijua maana ya kuganga. Mganga huuliza maumivu yalianza lini na wapi, hugusa penye jeraha hata mgonjwa akalia, na hutoa mwiba kabla ya kufunga kitambaa. Mwiba wa 2007 ungali mwilini mwa Kenya. Anayetuambia tusiuguse, hata akiwa mtu mkubwa, tumwombe kwa adabu asogee kando, ili kazi ya kuganga ianze.