Neno la Mhariri: Silaha Iliyofichwa na Ushahidi wa Jirani

Miongoni mwa maswali yanayoulizwa kila panapozungumzwa habari za usalama, kuanzia vibaraza vya Ng'ambo na Isevya hapa mjini Tabora hadi minada ya ng'ombe ya Nzega na Igunga, liko moja ambalo tumeona halifai kupitwa katika toleo hili, nalo ni hili: ikiwa sheria inamkubalia mtu kuitetea nafsi yake, ahali zake na mali yake, kwa nini basi mtu huyo alazimike kuomba ruhusa ya kuvaa bastola, apande ngazi za ofisi moja baada ya nyingine, ilhali jambazi atakayemvamia njiani hakuomba ruhusa kwa yeyote?

Wanaouliza hivyo si watu wa fujo. Ni mnunuzi wa mazao anayerejea Urambo na fedha za watu, ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, ni mfugaji ambaye zizi lake liko mbali na kituo cha polisi kiasi kwamba askari, hata wakija mbio, hukuta wezi wamekwisha kuvuka pori. Na sheria iko upande wao kwa kadiri yake: Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu cha 18 na vile vilivyoambatanishwa nacho, inatambua haki ya kila mtu kujikinga yeye na mwenziwe na mali yake dhidi ya shambulio la haramu, kwa sharti la kutumia nguvu isiyozidi haja. Mtu akiisoma haki hiyo peke yake ataona kibali cha silaha ni kizuizi kilichowekwa baina yake na uhai wake.

Rai ya jarida hili ni kwamba kibali hakina budi kuwapo, wala kisilegezwe. Lakini sababu yetu siyo ile wanayoitoa aghlabu wenye madaraka, kana kwamba raia ni mtoto asiyeweza kuaminiwa. Sababu yetu imo katika tabia ya bastola yenyewe. Upinde, mkuki, gobore, na hata jambia la Mmanga lililovaliwa mbele ya tumbo, ni silaha zinazoonekana. Anayekutana na mwenye kuzichukua hujua amekutana na nani, akapisha njia au akasalimu kwa hadhari. Bastola hukaa chini ya koti. Huingia sokoni, msikitini, harusini na ndani ya basi bila ya mtu kujua, na siri hiyo ndiyo nguvu yake kwa anayejilinda, kadhalika ndiyo hatari yake kwa wote walio karibu naye. Maadamu macho ya watu hayawezi kuiona silaha hiyo, hapana budi pawepo mahali ambapo watu hao hao wamekwisha kumjua atakayeivaa kabla hajaivaa, na wamesema kwa vinywa vyao kwamba wanaridhika akae nayo kati yao. Kibali, kwa maana tunayoitetea sisi, ni ridhaa hiyo ya majirani. Mhuri wa serikali huja baadaye kuithibitisha.

Nchi hii ya Unyamwezi imekwisha kuishi bila ya kibali cha namna yoyote, na habari zake zimo katika kumbukumbu za njia kuu iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe kwenda Ujiji. Katika karne ya 19 pembe za ndovu na watumwa walishushwa pwani, na bunduki, baruti na fataki zikapanda bara. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki zilizokuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka mmoja zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000. Hapakuwa na wa kumwuliza mnunuzi yeye ni nani na atampiga nani. Mwarabu wa Tabora na Kwihara alinunua ili alinde tembe lake na bidhaa zake; mtemi alinunua ili asiwe chini ya Mwarabu; msafiri alinunua kwa kuwa mtemi na Mwarabu wamekwisha kununua. Kila mmoja alikuwa na hoja ya kujilinda, na hoja ya kila mmoja ilikuwa ya kweli, na mkusanyiko wa kweli hizo ukazaa vita. Mwezi wa Agosti 1871 jeshi la Waarabu wa Unyanyembe, likifuatana na watu wa Stanley aliyekuwa akimtafuta Livingstone, lilikwenda Wilyankuru kumpiga Mtemi Mirambo. Soud bin Said bin Majid, aliyeliongoza, akauawa njiani katika kurejea na nyara, waliosalia wakatawanyika, na haukupita muda mrefu Mirambo akaingia Tabora na kuchoma sehemu ya mji. Miaka kadhaa ikapita njia ya Ujiji haina amani. Na nyuma ya vita hivyo walikuwapo rugaruga, vijana ambao wengi wao vurugu zile zile zilikuwa zimewatenga na kwao, wakawa hawana ukoo wa kuwaonya wala mzee wa kuwadhamini, bunduki yao ndiyo nasaba yao; na Mirambo alipofariki mwezi wa Desemba 1884 dola yake ikalegea, lakini bunduki za rugaruga hazikuzikwa pamoja naye.

Yuko atakayetujibu, na atakuwa na haki ya kutujibu, kwamba kibali cha silaha kililetwa na mkoloni ili Mwafrika apokonywe nguvu zake. Hilo ni kweli, wala halifai kufichwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliofungwa na madola kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha bora kuingizwa katika Afrika yote iliyo baina ya mstari wa 20 kaskazini mwa ikweta na wa 22 kusini, ukaamuru ziwekwe katika maghala ya serikali, na atakayepewa apewe kwa hati ya miaka 5 inayoweza kufutwa akionekana kuitumia vibaya. Katika mkataba huo msafiri wa kigeni aliachiwa mlango: akiwa na waraka wa serikali yake wa kushuhudia kwamba silaha ni ya kujilinda nafsi tu, basi aliruhusiwa kuwa nayo. Mwenye nchi hakuachiwa mlango huo. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakungoja kuombwa silaha zake kwa hati; mwezi wa Januari 1893, Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince walipoivunja boma yake, aliiwasha ghala ya baruti naye yumo ndani. Mtu anayeikumbuka habari hiyo hawezi kulaumiwa akikitazama kibali cha serikali kwa shaka.

Lakini shaka hiyo iangalie vilevile ni nini kilichobadilika. Kosa la hati ya mkoloni lilikuwa kwamba aliyeitoa hakuwa jirani wa yeyote. Aliamua juu ya watu asiowajua, kwa manufaa ya watu wa kwao. Utaratibu tulio nao leo, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1991, umeanzia upande wa pili: mwombaji awe ametimiza miaka 25, aonyeshe kwamba anajua kuitumia na kuihifadhi silaha, na maombi yake yaanze katika kikao cha kijiji au mtaa, yapande katani, yafike wilayani na mkoani, hadi kwa Jeshi la Polisi lenye kutoa leseni. Watu wengi huzihesabu ngazi hizo kuwa ni usumbufu, na baadhi yake ni usumbufu kweli, kwani karatasi ile ile ikisomwa na kamati tatu haiwi na maana tatu. Ngazi ya kwanza, hata hivyo, si ya kuunganishwa na hizo nyingine katika lawama. Ofisa wa mkoani anajua kwamba mwombaji hana kesi mahakamani. Jirani anajua kwamba mwombaji huyo akilewa hutukana, kwamba ana mgogoro wa mpaka wa shamba na nduguye, kwamba alipofilisika alikaa ndani miezi bila ya kusema na mtu. Hayo hayaandikwi katika faili lolote, nayo ndiyo yanayoamua iwapo bastola itamlinda mtu au itamwua.

Imepokewa na Bukhari na Muslim, kutoka kwa Abu Musa al-Ash'ari, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliamuru kwamba anayepita msikitini au sokoni naye ana mishale azishike ncha zake, asije akamdhuru Mwislamu. Hakuwakataza kuwa na mishale. Aliwafahamisha kwamba wanaokusanyika sokoni wana haki juu ya mwenye kuibeba. Nasi tunaoishi mji mmoja, Waislamu na Wakristo, tunaifahamu haki hiyo kuwa inawaenea wote.

Mishale imetukumbusha jambo la karibu zaidi. Baada ya vita vya Uganda vya 1978 na 1979 silaha za moto zilizagaa katika mikono isiyo ya jeshi, wizi wa ng'ombe ukawa wa bunduki, na watu wa Kahama, Nzega na Shinyanga wakaona kwamba wakingoja askari wataisha mali. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaunda sungusungu, ambao katika sehemu za Unyamwezi waliitwa Basalama, na silaha yao ilikuwa upinde na mishale, na filimbi, na ule mwano ambao kijiji kimoja kikiupiga cha pili huupokea, mpaka mwizi mwenye bunduki akajikuta amezungukwa na nchi nzima. Hawakushinda kwa ubora wa silaha. Walishinda kwa kuwa ulinzi wao ulikuwa wa hadharani na wa wote, na serikali ikalazimika kuwatambua kwa sheria ya mwaka 1989. Ni wajibu wetu kusema pia kwamba miongoni mwao walikuwapo waliovuka mipaka, wakaua washukiwa bila ya hukumu, na vikongwe wasio na hatia wakasingiziwa uchawi na kupoteza maisha. Kwani hata jamii nzima ikishika silaha, pasipokuwa na wa kuiuliza, huweza kudhulumu kama adhulumuvyo mtu mmoja. Kibali tunachokitetea kinamwuliza mwombaji, na kanuni hiyo hiyo iwaulize walinzi.

Huko Marekani, ambako marekebisho ya katiba ya mwaka 1791 yameifanya silaha kuwa haki ya raia, majimbo 29 kati ya 50 sasa yanamruhusu mtu mzima kuvaa bastola iliyofichwa pasipo kibali, na mwezi wa Juni 2022 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikaibatilisha sheria ya New York iliyomtaka mwombaji athibitishe haja yake mahsusi. Waliofanya hivyo wana historia yao, na sisi si mahakimu wao. Walakini mwaka 2021 watu 48,830 walikufa nchini humo kwa silaha za moto, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Nambari hiyo imetushtua kuliko ya mauaji, kwa sababu mtu aliyenunua bastola ili ajikinge na adui wa nje hakufikiri kwamba usiku mmoja wa huzuni atakuwa nayo peke yake chumbani. Majirani wa Kinyamwezi, wenye desturi ya kuulizana hali, wangeweza kuuona usiku huo ukija.

Wangeweza, ikiwa wanaulizwa. Kikao cha mtaa kikigeuka kuwa mwenyekiti mmoja anayetia saini juu ya meza ya duka lake, kwa heshima ya mwenye mali au kwa chai aliyopewa, basi kibali hakina tena roho, na wale wanaotaka kifutwe watakuwa wanataka kufuta kitu kilichokwisha kufa. Tunataka jina la mwombaji lisomwe katika mkutano wa hadhara wa mtaa wake, na kila leseni inapohuishwa lisomwe tena, kwa kuwa mtu wa miaka 30 siye yule wa miaka 45. Tunataka pia mkewe aulizwe, tena faraghani, na mwanamke asiyemhofia mumewe. Kanada mke au mume wa mwombaji, hata aliyeachana naye karibuni, huarifiwa kabla ya leseni kutolewa. Kwetu sisi mwanamume aliye mpole barazani na mkali nyumbani hujulikana na mtu mmoja tu, na mtu huyo hatujapata kumwuliza.

Na serikali nayo inadaiwa. Katiba yetu, katika ibara ya 14, inamhakikishia kila mtu si haki ya kuishi tu bali na kupata hifadhi ya maisha yake kutoka katika jamii. Anayemwambia mfugaji wa porini asivae silaha pasipo idhini amejichukulia dhamana ya kumlinda, na dhamana haitimizwi kwa barua ya kukataa. Kwa hiyo mwananchi anayenyimwa kibali aandikiwe sababu. Na sababu hiyo ikiwa ni kwamba bastola haihitajiki pale anapoishi, aliyeiandika ataje ni kituo gani cha polisi kitakachomfikia usiku atakapopiga mwano, kiko umbali wa kilomita ngapi, na kina gari gani.