Usimlipie Mama Anwani Asiyoihitaji

Swali linarudi kila tukizungumzia nyumba za wazee: kamera iko kwa mama Al Khoud, mimi niko kazini Sohar, nimeambiwa nilipie anwani ya intaneti ya kudumu. Nilipe?

Mimi nasema usilipe kwanza.

Kwa kawaida kampuni inaiazima ruta yako namba. Leo hii, kesho huenda ikawa nyingine. Ya kudumu haibadiliki, basi. Kwa YouTube na simu za kwa bibi Unguja, tofauti huioni. Na kamera? Kubadilika kuna dawa yake: huduma zinazokupa jina moja linaloifuata namba popote iendapo.

Tatizo kubwa ni kwamba mara nyingi namba yenyewe sio yako peke yako. Anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima. RIPE NCC, wanaozigawa Ulaya na Mashariki ya Kati, sisi Oman tukiwemo, walitangaza tarehe 25 Novemba 2019 kwamba akiba imekwisha. (Ndugu zetu Zanzibar wako chini ya AFRINIC, Mauritius.) Kwa hiyo kampuni nyingi huweka nyumba kadhaa nyuma ya namba moja. Ni kama jengo la fleti lenye bawabu mmoja asiyejua majina: wewe kutoka hakuna shida, lakini mgeni wako akija hajui ampeleke mlango gani.

Fungua ukurasa wa ruta, tazama anwani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnashirikiana. Hapo uliza kama wanatoa IPv6, au anwani ya peke yako hata kama inabadilika. Unaweza kuuziwa "ya kudumu" wakati ulichokosa ni "ya peke yako".

Wanaohitaji ya kudumu wapo: mwenye seva nyumbani, au ambaye ofisi yake inaruhusu namba zinazojulikana tu. Mama sio mmoja wao.

Tena kumfungulia mlango wa moja kwa moja kuna hatari. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi sana kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Bora VPN kwenye ruta, au programu ya kamera yenyewe, ingawa hiyo mara nyingi hupitisha picha za sebule ya mama kwenye seva za watu.

Ijumaa hii mkishakula, kabla ya chai, badilisha neno la siri la ile kamera.