Malaria Tunaambiana, Hili Tunafichana

Naandika kutoka chumbani kwangu ghorofa ya tatu, hita imezimwa kwa ajili ya kubana matumizi, miguu iko ndani ya blanketi.

Leo naomba tuzungumze jambo ambalo najua wengine mkiona tu linahusu nini mtafunua ukurasa haraka. Kaka zangu, msifunue. Na nyinyi mmo.

Sisi watu wa Afrika Mashariki tulioko ughaibuni tuna sifa moja ambayo hata wenyeji wa hapa Uingereza wanaishangaa. Mtu akifiwa nyumbani, kabla jua halijazama mchango umeshapita na chumba chake kimejaa watu na masufuria. Mgeni akitua Heathrow, hata kama hatumjui, yupo wa kumpokea na koti la kumwazima. Mtu akirudi likizo na malaria, nusu ya chama tunajua hadi idadi ya vidonge alivyomeza. Lakini wapo miongoni mwetu wanaokwenda hospitali peke yao, wanarudi na basi peke yao wamevaa pedi na tumbo linawauma, na kesho yake wanaingia zamu ya kubeba boksi kana kwamba hakuna kilichotokea. Nawajua kwa sababu mmoja wao nilikuwa mimi.

Ilikuwa hivi. Hapa Uingereza wanawake wa miaka 25 hadi 64 huitwa kupimwa mlango wa kizazi. Nilikuwa na miaka 27, nimejiandikisha kwa GP, mwaliko ukaja. Nilikwenda kwa sababu ni bure, na Mbongo na cha bure mnatujua. Majibu yakasema nimekutwa na virusi vya HPV, seli za mlango wa kizazi zimeanza kubadilika, na nitapangiwa siku ya kwenda kliniki kuangaliwa zaidi.

Nilipofika kwenye neno "virusi" nikakaa kitako. Jamani, kwetu neno hilo lina maana moja tu. Ukisema fulani ana virusi, hakuna atakayeuliza virusi gani. Halafu likafuata lile la seli kubadilika, nalo kwetu halina jina la kati. Ama mtu ni mzima, ama ana kansa ya kizazi, basi. Usiku ule nilijiona nimeshakufa mara mbili, kwa UKIMWI na kwa kansa. Kumbe sikuwa na hata kimoja.

Ngoja nieleze kwa ufupi, maana ujinga wangu ndio ulionitesa kuliko ugonjwa. HPV ni ukoo wa virusi vya aina zaidi ya 200, na havihusiani na vile vya UKIMWI. Aina zinazogusa sehemu za siri hupita kwa kugusana ngozi wakati wa kujamiiana. Watu wengi sana waliowahi kujamiiana hukutana navyo wakati fulani wa maisha, na mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Vikinga'ang'ania, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo kwa pamoja ndizo chanzo cha kama asilimia 70 ya saratani zote za mlango wa kizazi, seli huanza kubadilika taratibu, kwa miaka. Mabadiliko hayo hupewa daraja: CIN 1, CIN 2 na CIN 3. La kwanza mara nyingi huondoka lenyewe, madaktari hulitazama tu. La tatu si la kuchezea. Kule Auckland, New Zealand, miaka ya 1960 na 1970, wako wanawake wa CIN 3 ambao hawakutibiwa inavyopasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika miaka 30, takriban 30 kati ya kila 100 wao walipata saratani. Kwa waliotibiwa vizuri, hakufika hata mmoja kati ya 100.

Kwa hiyo si kansa. Ni onyo, na ni onyo lenye dawa. Mimi nilikuwa CIN 3.

Sasa mbona sikumwambia mtu? Hapo ndipo ninapotaka kufika, na inabidi niseme ukweli unaoniaibisha. Miaka miwili kabla ya barua yangu, tukimenya vitunguu vya pilau ya Idi, mtu alimtaja dada mmoja wa hapa hapa chuoni kwamba anahudhuria kliniki ya mambo ya kizazi. Mwingine akasema, "Huyo katembea sana." Tukacheka. Mimi sikusema neno, ila nilicheka. Barua yangu ilipokuja, kicheko kile ndicho nilichokisikia. Nilijua hasa nitasemwa vipi, kwa kuwa nilikuwepo mwenzangu aliposemwa.

Wiki mbili niliibeba peke yangu. Mwisho nikaitafuta namba ya yule yule dada, ambaye alikuwa ameshahamia mji mwingine. Nilianza kwa kumwomba radhi. Akanikatisha, "Mdogo wangu, hayo yalishapita. Umeandikiwa CIN ngapi?"

Tulizungumza saa nzima. Aliniambia nivae sketi pana badala ya suruali, kwa sababu sketi unaipandisha tu, huvui nguo zote mbele ya wageni. Aliniambia nina haki ya kuomba nihudumiwe na mwanamke, niombe mapema kwa simu, si siku ile ile. Aliniambia darubini yenyewe haiingii mwilini, inabaki nje, na kwamba watapaka maji makali kama siki ili sehemu yenye kasoro igeuke nyeupe. Akanieleza kuhusu matibabu: sindano ya ganzi, kisha kitanzi cha waya mwembamba chenye umeme kinachokata ile sehemu mbovu, dakika chache tu, na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. "Ile sindano inaweza kukufanya moyo uende mbio na miguu itetemeke," akasema. "Usidhani unakufa. Ni dawa, inapita." Siku yangu ilipofika miguu ikatetemeka kweli, nami nikakumbuka sauti yake, nikatulia.

Najua mtasema hayo yote nesi angenieleza. Ni kweli, na alinieleza, tena kwa upole. Nesi alinipa karatasi: wiki nne bila kujamiiana, bila tamponi, bila kuogelea; damu ikizidi, au uchafu ukinuka, au homa ikipanda, piga simu; baada ya miezi sita urudi kupimwa tena. Lakini nesi hakuweza kuniambia nitamwelezaje mama ambaye kila Jumapili anauliza harusi lini. Hakujua kwamba mwenzangu mwislamu anayetokwa na damu isiyo ya hedhi ana swali la swala na funga ambalo anaona haya kumpelekea shehe. Hakujua kwamba kwetu ukitamka "kizazi" tu, wanaosikia wanasikia "hatazaa". Ukweli ni kwamba matibabu haya kwa kawaida hayazuii mtu kushika mimba. Linaloongezeka kidogo ni uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, hasa kama sehemu kubwa imekatwa, kwa hiyo ukipata mimba mwambie mkunga mapema. Sentensi hizo mbili zingeniokolea usiku mwingi wa kulia.

Najua pingamizi lililo kooni mwenu. "Dada, wewe huijui jamii hii? Ukimwambia mmoja, kabla hujapanda basi habari imeshafika Dar, imepita Mombasa, inaelekea Kampala." Sibishi. Umbea upo, nami nimekiri kwamba niliwahi kuuchekea. Anayenyamaza kwa kuogopa umbea simwiti mjinga.

Ila nasema hivi. Si kweli kwamba sisi hatujui kutunza siri za wanawake. Bibi zetu wa pwani walikuwa na somo. Mwali alikuwa na mtu wake mmoja, mkubwa kidogo kwake, si mama yake, wa kumfunda na kumsikiliza, na mambo ya unyagoni hayakusimuliwa nje. Aliyetoa siri ndiye aliyeaibika, si mwenye siri. Hata leo kichen pati zetu zinaendelea, mpaka huku ughaibuni. Tunamfunda bibi harusi namna ya kumtunza mume, tunampa masufuria na khanga, tunacheza mpaka usiku wa manane. Nimehudhuria nne. Hakuna hata moja ambapo mtu alisimama akasema, "Mwanangu, kapime mlango wa kizazi." Tunazungumza kila kitu kinachohusu sehemu hiyo isipokuwa uzima wake!

Na kwa nini sisi hasa? Kwa sababu wengi wetu chanjo ilitupita. Rwanda ilianza kuchanja wasichana mwaka 2011, Uganda ikaeneza nchi nzima mwaka 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019. Tuliokuwa tumeshavuka umri uliolengwa tulibaki bila. Wenzetu waliokulia hapa Uingereza wamechanjwa shuleni tangu mwaka 2008, kwa hiyo darasani unaweza kuwa wewe peke yako uliye na jambo hili, na ukadhani ni wewe peke yako duniani. Hapa palikuwa na shirika la hisani lililoshughulikia mambo haya tu, Jo's Cervical Cancer Trust, lenye simu ya msaada. Mwaka 2024 lilifungwa kwa sababu za kifedha. Hivyo hata mlango ule wa kubisha umepungua.

Kaka zangu, sasa ni zamu yenu. Nilimweleza mchumba wangu kwa simu. Alikaa kimya siku tatu, kisha swali lake la kwanza likawa, "Nani kakupa?" Hatuko pamoja tena, na sitasema sababu ni hiyo tu. Lakini lijueni hili: virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili, kwa hiyo kukutwa navyo leo hakuonyeshi vilitoka kwa nani wala lini. Vinaweza kuwa vilitoka kwako. Mwanaume huvibeba bila kujua, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima. Kondomu inapunguza hatari bila kuimaliza. Na nyinyi pia vinaweza kuwaletea saratani, ya koo na ya uume zikiwemo. Mwenzako akikwambia, swali la kwanza liwe, "Miadi ni lini, nikusindikize?"

Sitaki kulalamika bila kuleta pendekezo. Naomba mkutano mkuu ujao wa chama ukubali mambo manne.

Kwanza, tuwe na masomo wetu. Wanawake wawili au watatu wa kujitolea, wanaojulikana kwa majina, ambao yeyote anaweza kuwapigia simu. Waapishwe kutunza siri, na atakayeitoa aondolewe hadharani. Mimi naandikisha jina langu la kwanza.

Pili, kusindikizana. Ule mfuko wetu wa dharura unaolipia rambirambi ulipie pia teksi ya kumrudisha mgonjwa na fidia ya zamu moja aliyoikosa. Ni pesa ndogo kuliko shada la maua.

Tatu, masomo hawa wasijifanye madaktari. Kazi yao ni kusikiliza, kusindikiza na kumkumbusha mtu miadi. Habari za mwarobaini na maji ya limau tuziache. Mtu wa CIN 3 akidanganywa na mizizi akaacha matibabu, sisi ndio tutakaokuwa tumemzika.

Nne, siku ya kuwapokea wageni Septemba, tutenge dakika kumi. Tuwaambie wajiandikishe kwa GP wiki ya kwanza. Ile ada ya afya waliyoilipa pamoja na viza, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024, wameshalipia huduma hii, kwa hiyo hawaombi msaada wa mtu. Aliyefikisha miaka 25 akapime. Ambaye hajafikisha na hakuchanjwa nyumbani amuulize daktari kuhusu chanjo.

Miezi sita baada ya matibabu nilirudi kupimwa. Safari hii sikwenda peke yangu. Yule dada alipanda treni saa mbili kuja kukaa nami kwenye viti vile vya plastiki, na begi lake lilikuwa na chapati na chupa ya chai. Majibu yalipokuja, virusi havikuonekana. Niliyempigia simu kwanza ni yeye, wa pili mama. Mama nilimweleza yote, kuanzia barua. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, na mimi sijawahi kupimwa." Wiki iliyofuata alikwenda, na dada zake wawili.

Kama wewe unayesoma una barua ya namna hiyo chini ya godoro, nitafute. Sitakuuliza umetembea wapi. Nitakuuliza CIN ngapi, na miadi ni lini.

Naomba kutoa hoja.