Tusiwafanye Watoto Wetu Kuwa Kasuku



Siku moja nilipita karibu na dirisha la shule, nikasikia watoto wakisema kwa sauti moja: «Kutazama, kuuliza, kudhani, kujaribu, kukata neno.» Mwalimu alikuwa ameyaandika maneno hayo ubaoni, na juu yake kichwa: Njia ya Sayansi. Niliingia, nikasalimu, nikaomba ruhusa ya kumwuliza mtoto mmoja: «Wewe umekwisha kujaribu nini?» Mtoto akamtazama mwalimu. Mwalimu akautazama ubao. Hakuna aliyejibu.

Basi leo nataka kugombana na walimu, na wazazi pia. Kufundisha namna hii ni kufundisha kuogelea juu ya mkeka. Mtoto atajua majina yote ya kuogelea, lakini siku ya kuanguka mtoni maji yatamchukua.

Najua mtanijibu nini: «Hatuna vyombo. Hatuna darubini ya kuonea vijidudu, hatuna chupa za kemia. Sayansi ni kazi ya matajiri.» Mimi nakataa. Nisikilizeni, niwakumbushe jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe.

Mwaka 1976, nchi ilipoitwa Zaire, ugonjwa mkali usio na jina uliingia Yambuku, misioni ya upande wa Bumba. Mmoja wa wagonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa mwalimu wa shule ya misioni. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Watumishi wa hospitali walikuwa 17, 11 walikufa. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Ulaya, na huko, kwa mashini zao, wenye elimu waliona virusi mpya. Baadaye ilipewa jina la mto Ebola.

Lakini angalieni: mashini zilionyesha mwuaji tu. Hazikuonyesha njia aliyopita. Njia hiyo ilitafutwa kwa miguu, kwa kalamu na kwa maswali. Wachunguzi walikwenda kijiji kwa kijiji, wakiandika: Nani aliugua? Ana umri gani? Ni mwanamume au mwanamke? Alikwenda wapi kabla ya kuugua? Walipokusanya majibu, waliona jambo la ajabu: wanawake vijana waliugua kuliko wanaume wa umri wao.

Hapo ndipo akili inapoanza kazi. Kama ugonjwa ungekuwa katika maji, wote wanaochota mahali pamoja wangeugua sawasawa. Kama ungekuwa katika hewa, ungechaguaje wanawake? Basi wanawake hao wanafanya nini ambacho wengine hawafanyi? Wengi walikuwa na mimba, nao walikwenda hospitali kupimwa, na huko walipigwa sindano. Kila asubuhi wauguzi walipewa mabomba 5 na sindano 5 kwa wagonjwa wote wa siku. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, walizisuuza tu kwa maji ya moto kidogo.

Wachunguzi hawakukata neno upesi. Waliwauliza pia watu wazima wa afya, wa vijiji vilevile, kama walipigwa sindano. Kulinganisha huko ndiko kulikothibitisha. Wengine waliambukizwa kwa kuwatunza wagonjwa au kuosha maiti; lakini sindano ndiyo iliyowasha moto.

Sisemi kwamba masista wa hospitali walikuwa wabaya. Vyombo vyao vilikuwa vichache, na wengine wao walikufa pamoja na wagonjwa wao. Nasema hivi: huruma bila uchunguzi inaweza kuua. Na swali lililofungua njia lingeweza kuulizwa na mtoto wa darasa la sita aliyefundishwa kuuliza.

Mwalimu, hata wewe unacho chombo: daftari ya kuitia majina. Kila juma andikeni watoto waliokosa shule kwa sababu ya homa. Kisha ulizeni: nani analala ndani ya chandarua, nani halali? Wahesabuni. Mtoto mmoja atasema upesi: «Chandarua kinazuia homa!» Usimsifu bado. Mwulize: «Je, wenye chandarua si ndio wanaokaa mlimani, mbali na bwawa?» Basi walinganisheni watoto wa bwawani peke yao. Wakiwa wachache, andikeni: «Hatujui bado.» Siku hiyo darasa lako limefanya sayansi, wala hukutumia faranga moja.

Neno hilo, «hatujui bado», si aibu. Mpaka leo hakuna aliyethibitisha ni mnyama gani aliyeleta ugonjwa Yambuku. Wenye elimu wanakiri hivyo mbele ya watu wote. Lakini mwalimu wetu akiulizwa asilolijua, anampiga mtoto kwa ukali wa macho!

Mzazi ananiambia: «Mtoto wa maswali mengi atakosa heshima.» Sivyo, baba. Kuuliza «tunajuaje?» si kumtukana mkubwa. Ni kutafuta ukweli pamoja naye. Mtoto asiyezoea kuuliza hatamsikiliza baba tu. Atamsikiliza pia mwuzaji wa dawa za uongo sokoni, na mwenye kumtaja bibi kizee kuwa mchawi kila mtoto anapokufa. Heshima ya namna hiyo itakufaa nini?

Mwalimu naye ananiambia: «Mtihani wa Serikali unataka majibu, si maswali.» Ni kweli, nao wanaoutunga wanastahili lawama. Lakini mtihani ni wa siku chache. Magonjwa, mashamba yanayokauka na visima vinavyooza ni vya maisha yote.

Basi, walimu, kesho futeni zile hatua tano ubaoni. Chukueni swali moja la kijiji chenu, moja tu, ambalo hata ninyi hamjui jibu lake. Tokeni nje na watoto, mkalitafute.