Mgeni Yupi Tunamdai Hati?



Mwezi uliopita nililetewa barua ili niitie sahihi. Ilikuwa imeandikwa na wanakijiji kumi na wawili, wengi wao Wakristo wetu, na watatu kati yao ni viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo. Waliiomba Idara ya Uhamiaji ije iwaondoe wageni wasio na vibali wanaolima na kuponda mawe ya dhahabu katika eneo lao. Majina yaliorodheshwa, yote ya vibarua. Walitaka sahihi ya Padre ili barua ipate uzito. Niliisoma mara mbili. Aliyetia sahihi ya kwanza namfahamu vizuri: ndiye mwenye leseni ya uchimbaji mdogo ambayo kwa jina ni yake, lakini kwa kweli ameikodisha kwa mgeni aliyeingia nchini kwa viza ya matembezi. Mgeni huyo hakutajwa mahali popote katika barua.

Sikuitia sahihi. Maneno haya ndiyo jibu langu, na nimeomba yasomwe katika vigango vyote, maana kosa lililomo katika barua ile si la watu kumi na wawili peke yao.

Tuanze na sheria, kwa kuwa wengi wetu tunaitaja bila kuijua. Mgeni atokaye nchi nyingi za Ulaya au Asia akitaka kuja Tanzania kutalii huomba viza ya kawaida, na tangu mwaka 2018 aweza kuiomba kwa mtandao akiwa nyumbani kwake. Hulipa dola 50. Raia wa Marekani hulipa 100. Hutakiwa kuwa na pasipoti yenye uhai wa miezi sita na zaidi. Akikubaliwa, aweza kukaa hadi siku 90. Siku hizo ni za kutazama: aende Serengeti, aende Kisiwa cha Rubondo katika mkoa wetu huu wa Geita, awatembelee rafiki zake, kisha arudi kwao. Viza hiyo haimpi ruhusa ya kufanya kazi hata ya siku moja. Mgeni atakaye kufanya kazi lazima awe na kibali cha kazi kwa mujibu wa sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015, na kibali cha ukaazi kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995.

Kuhusu dhahabu sheria ni kali zaidi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 imeiweka leseni ya uchimbaji mdogo mikononi mwa Watanzania tu. Na amri ya Serikali ya tarehe 28 Julai 2025 imetaja shughuli 15 za biashara ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya, uchimbaji mdogo ukiwa miongoni mwake. Mgeni akikutwa na hatia hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, na viza yake hufutwa. Ndugu zangu mnaoazima majina yenu, sikilizeni na sehemu ya pili: raia anayemsaidia mgeni kuvunja amri hiyo naye ana faini yake, shilingi milioni 5, au kifungo cha miezi mitatu.

Na Mrundi anayekuja kulima? Burundi na Rwanda ziliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na itifaki ya soko la pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Raia wa nchi hizo hadaiwi viza kabisa. Akija na hati ya kusafiria hugongewa ruhusa ya kukaa hadi miezi sita bila malipo. Akitaka kufanya kazi naye atafute kibali, na hapo ndipo njia inapomfungia, kwani gharama ya kibali haiwezi kutoka katika ujira wa mtu anayelima kwa msimu. Basi wengi huvuka bila hati yoyote. Ni kosa, wala sitalificha. Lakini mbele ya sheria hiyo hiyo, mgeni wa mtambo anayechenjua marudio kwa viza ya matembezi ana kosa pia, na lake ni la mtu aliyeijua sheria, akalipa dola 50, akaapa kwamba amekuja kutazama wanyama.

Sasa tazameni tunavyowapokea hao wawili. Mgeni wa mtambo hukaa katika nyumba ya wageni nzuri mjini. Mwenyekiti wa kitongoji humpa kiti. Siku ya mkutano wa kijiji huitwa mwekezaji, na hakuna anayemwuliza pasipoti yake ina mhuri gani, wala siku zake 90 zimekwisha lini. Mimi nami sijitoi. Mwaka juzi mgeni wa namna hiyo alitupatia mabati ya kanisa la kigango kimoja. Nikamshukuru mbele ya altare na kuwaomba waamini wampigie makofi. Sikumwuliza anafanya kazi gani nchini mwetu, na kwa kibali gani. Mabati yale yako juu hadi leo, na mvua ikinyesha wakati wa Misa nayasikia.

Mgeni wa jembe hulala katika kibanda cha shambani. Huja mvua za kwanza zinapokaribia, hulima, hupalilia, huvuna mpunga wa mwenye shamba, na mapatano ni kwamba atalipwa baada ya mavuno. Ikifika siku ya kulipwa, ndipo mwenye shamba anapokumbuka kwamba kuna Idara ya Uhamiaji! Nimeyasikia haya mara nyingi mno kiasi cha kutoyaita bahati mbaya. Kibarua huambiwa achague: aondoke usiku huu bila kitu, au Sungusungu waje asubuhi. Naye huondoka. Mwenye shamba hubaki na mpunga wote, na Jumapili huleta sadaka ya mavuno. Torati ya Musa ilikwisha kulikataza jambo hili kwa maneno ya wazi, ikimtaja kibarua mgeni pamoja na kibarua ndugu, na kuagiza kila mmoja apewe ujira wake kabla jua halijatua. Haikuweka sharti kwamba kwanza aonyeshe karatasi.

Wapo watakaoniambia: Padre, wewe hukai huku porini, wageni hawa wametuletea ujambazi. Hoja hii siidharau. Kwa miaka mingi mabasi yalisindikizwa na polisi katika barabara za Biharamulo na Kibondo, na katika parokia zetu wapo waliowazika ndugu zao waliouawa kwa risasi. Serikali ina haki ya kulinda mipaka, tena ina wajibu. Lakini jambazi hapondi mawe kwenye karasha mchana kutwa, wala hapalilii mpunga akisubiri mavuno. Mkimjua jambazi, mtajeni kwa polisi kwa matendo yake. Kuorodhesha watu kwa lafudhi yao ni kazi nyingine kabisa.

Tulikwisha kuiona kazi hiyo ilivyo. Julai 2013 Rais Kikwete aliwapa wahamiaji haramu wa mikoa ya mpakani wiki mbili waondoke, na Septemba ikaanza Operesheni Kimbunga katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita. Makumi ya maelfu ya watu walivuka kwenda Burundi, Rwanda na Uganda, wengine wakiacha ng'ombe, nyumba, na waume au wake ambao ni Watanzania. Na kwa sababu kipimo kilichotumika vijijini kilikuwa mara nyingi sura na lugha, hata raia walisombwa humo. Muha wa Kasulu na Mhangaza wa Ngara husemaje ili aonekane si Mrundi? Mwaka uliofuata, 2014, Serikali hiyo hiyo iliwapa uraia wakimbizi zaidi ya 162,000 walioingia kutoka Burundi mwaka 1972, tendo ambalo nchi chache duniani zimewahi kulitenda. Na ishirini nyuma yake, Aprili 1994, nchi yetu iliwapokea katika daraja la Rusumo watu wapatao robo milioni kwa muda wa siku moja na usiku wake, na hapakuwa na dirisha la viza. Nayataja haya pamoja kwa sababu sisi ni taifa lile lile lililotenda yote matatu, na kijiji chaweza kuchagua ni lipi kitaiga.

Niwasimulie sasa habari ya mlango ambao sisi ndio tunaobisha. Mwishoni mwa mwaka 2024 parokia rafiki ya Ulaya ilitualika watu wawili, mimi na katekista wetu mkongwe. Wenzetu hao walikwisha kuja kwetu mara mbili. Walilipa dola zao 50, wakapata viza kwa mtandao, wakacheza ngoma nasi, wakaenda zao kwa amani. Safari yetu ilitaka mengine. Tulisafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam ili tukatoe alama za vidole. Tulilipa kila mmoja euro 90, ada ambayo hairudishwi hata ukikataliwa. Tulitakiwa bima ya matibabu ya euro 30,000, barua ya mwaliko, barua ya mwajiri na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Mimi nilikuwa na barua ya Askofu. Katekista hana mwajiri wala akaunti yenye fedha. Ana ng'ombe wapatao sitini, ekari za mpunga, watoto wanane na wajukuu ambao hata yeye huwahesabu kwa vidole. Ng'ombe, wapendwa, hawatoi taarifa ya benki. Mimi nilipewa viza. Yeye alipewa karatasi iliyowekwa alama mahali paliposema kwamba pana mashaka kama angerudi kwao kabla ya viza kwisha.

Mzee yule aliikunja karatasi akaitia mfukoni, akaniuliza swali moja tu: "Baba, wanadhani ng'ombe wangu ningemwachia nani?"

Kijiji kizima kilikasirika, na kilikuwa na haki. Tulikasirika tena Oktoba 2025, Marekani ilipoiingiza Tanzania katika orodha ya nchi ambazo mwombaji wa viza ya matembezi aweza kudaiwa dhamana ya dola 5,000, au 10,000, au hata 15,000. Tulisema ni dharau kumhesabu mtu kuwa mwongo kabla hajafungua kinywa. Vema. Baadhi ya waliosema hivyo kwa sauti kubwa sahihi zao nimezikuta katika barua ile.

Sisemi tuwalipize kisasi watalii kwa kuwadai taarifa za benki. Waje, waone, na fedha yao itumike kwa haki. Wala sisemi kila mgeni mwenye mtambo ni mwovu. Wapo waliokuja kwa vibali kamili na wanaolipa wanapolo wao kwa wakati, na hata sheria imeacha nafasi ya msaada wa kitaalamu kwa mchimbaji mdogo kwa mkataba unaojulikana. Ninayemsema ni yule aliyejificha nyuma ya viza ya utalii na nyuma ya jina la Mtanzania. Huyo hana mkataba na kijiji, hana jina katika leseni, na zebaki ikimwagika mtoni au duara likifunika vijana, hapatikani. Siku zake 90 huwa zimekwisha. Wanaoulizwa ni wenye leseni, ambao kwa kawaida walilipwa fungu dogo na hawajui hata mtambo ulitoa gramu ngapi. Mnaokodisha majina yenu mnajua kwamba nasema kweli.

Kwa hiyo Kamati ya Haki na Amani ya parokia imeagiza mambo haya, na viongozi wa jumuiya wayasimamie. Kila mapatano ya kazi ya msimu na kibarua, awe wa hapa au wa ng'ambo, yaandikwe katika daftari la jumuiya mbele ya mashahidi wawili, yakitaja kiasi na siku ya kulipa. Kiongozi yeyote wa walei anayemkodishia mgeni leseni kinyume cha sheria ajiondoe katika uongozi hadi atakapolirekebisha jambo hilo. Kibarua aliyedhulumiwa aje ofisi ya parokia bila hofu. Hatutamdai hati kabla ya kumsikiliza. Na mchango wa mgeni kwa ajili ya kanisa utapokelewa baada ya Halmashauri Walei kujua anafanya nini nchini. Sheria hii ya mwisho inaanza na mimi.

Barua nimemrudishia mwenyewe. Nilimwomba aiandike upya, aanze na jina la mgeni wa mtambo na jina lake mwenyewe, kisha mbele ya jina la kila kibarua aandike kiasi anachodai. Hadi leo haijarudi. Nimesikia kwamba vibarua wawili kati ya waliotajwa wamelipwa. Wa tatu bado anadai magunia manne ya mpunga.