Runinga ya Sebuleni Yatosha

Wanachama wenzangu, hapa Donholm wazazi wengi huambiwa kuwa kompyuta bila skrini yake ni bure. Mimi napinga! Runinga iliyoko sebuleni yatosha.

Chungulia kwanza nyuma ya kompyuta, kwenye kadi inayotoa picha. Ukiona tundu la HDMI, na runinga pia inalo, basi raha: waya mmoja hupitisha picha na sauti. Tundu la VGA, lenye vishimo 15, hupitisha picha peke yake. Sauti yataka waya wake. Lakini runinga kuukuu yenye tundu la manjano haielewi lugha ya VGA. Hapo waya mtupu haufui dafu. Lazima kiwepo kifaa cha kugeuza mawimbi. Hata hivyo, wapo wauzaji wanaomuuzia mama wa watu waya mtupu, wakijua fika hautafanya kazi. Huo ni wizi wa mchana, jamani!

Kwa maoni yangu, tuyajue matundu haya kabla mzazi hajafungua kibeti. Wadogo zetu watalilia vibonzo vyao, sawa, lakini saa moja ya masomo haiui mtu. Na dukani tuulize bila haya. Kuuliza si ujinga.